Mkono Ulioirudisha Ndege

Siku Lutangilo Mahenge alipotoweka, ndege yake ilirudi nyumbani bila hata mkwaruzo. Ilichomoza kwenye ukungu upande wa mashamba ya pareto, ikainamisha bawa la kushoto kidogo, ikagusa majani ya kiwanja cha Lwipanga taratibu kama mtu anayeweka yai mezani. Ikajiendesha yenyewe hadi mbele ya banda, ikazima injini. Pangaboi likazunguka kivivu, likasimama. Mlango wa upande wa rubani ulikuwa unapigapiga kwa upepo, na kiti kilikuwa kitupu.

Tusekile, mke wake, alikuwa zahanati akimpima mama mmoja. Aliposikia mlio wa injini alitabasamu.

"Huyo kafika," alimwambia yule mama. "Leo chanjo zipo, usiondoke."

Lutangilo alikuwa ameaga asubuhi kwamba anakwenda Njombe kuchukua chanjo za watoto. Tusekile akajifunga kanga kiunoni juu ya koti lake la ukunga, akateremka kwenda kiwanjani kupokea kasha la barafu. Alipofika, Obadia Tweve alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameingiza mwili nusu ndani ya mlango wa ndege, mkono wake uko kwenye ubao wa taa.

"Shemeji, simama hapo hapo," Obadia alisema bila kugeuka. "Usisogee."

"Yuko wapi?"

Obadia alitoka ndani, akajifuta vidole kwenye suruali. Huyu ndiye aliyeijenga ndege ile pamoja na Lutangilo, tangu siku makasha yalipoteremshwa kwenye lori hadi siku bati la mwisho lilipofungwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alitikisa kichwa tu.

Tusekile alimpita, akachungulia mwenyewe. Mkanda wa kiti ulikuwa umefunguliwa, unaning'inia. Nyuma ya kiti lilikuwepo kasha la barafu. Alilifungua. Lilikuwa kavu, tupu, vile vile kama alivyolifuta yeye asubuhi.

Kwa hiyo Njombe hakufika.

*

Mkaguzi wa Ofisi ya Anga alifika kesho yake kwa pikipiki, amelowa mpaka kifuani. Jina lake Gaudensia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Alipiga magoti kando ya kiti cha rubani na kugonga kwa kucha sanduku dogo la rangi ya majivu lililofungwa chini yake.

"Dada, pole sana. Ninaweza kuufungua Mkono sasa hivi. Ukitaka."

Kila mtu wa nyanda za juu aliujua Mkono. Tangu setilaiti zilipozimika, hakukuwa na chombo cha kumwambia rubani yuko wapi akiwa ndani ya ukungu, na ukungu wa huku unaweza kukaa juma zima bila kunyanyuka. Barabara nazo zilimong'onyoka kila masika. Ndipo watu wakaanza kuagiza ndege za makasha: mbavu za mabawa, mabati ya alumini yaliyokatwa tayari, ribiti za kuyashikanisha kwa maelfu, injini, na Mkono. Ukishajenga ndege yako unaufunga Mkono chini ya kiti, halafu unaruka nao msimu mzima, wewe peke yako, mpaka Mkono uzoee unavyoshika usukani, unavyoukwepa upepo wa bondeni, unavyokinusa kiwanja kabla hujakiona. Baada ya hapo Mkono wenyewe unaweza kuirusha ndege bila wewe. Sheria ilikuwa moja tu, nayo haikuwa na mjadala: aliyejenga ndiye anayefundisha.

"Ukifunguliwa utatuambia nini?" Tusekile aliuliza.

"Kila kitu. Alipopita, nani alishika usukani, kiti kilikuwa kitupu saa ngapi." Gaudensia akavua miwani. "Lakini nisikufiche. Mkono haukumbuki kama mimi na wewe tunavyokumbuka. Unakumbuka kama misuli inavyokumbuka. Ukiusoma, unamwagika. Hautaruka tena. Na wewe ndiye mwenye ndege sasa, bila neno lako siwezi kuugusa."

"Dada mkaguzi, samahani," Obadia alidakia. "Mlango huo umetusumbua tangu mwaka jana, kitasa chake hakishiki. Jamaa ameanguka bondeni. Inauma, lakini ndivyo. Utaufungua Mkono upate nini? Upate kwamba ameanguka bondeni? Na kesho akiletwa mama wa kupasuliwa, ukungu wenyewe ndio huu, tumpeleke Njombe kwa ungo?"

Tusekile aliutazama ukungu. Zahanati yake ilikuwa na kitanda kimoja cha kujifungulia na taa ya jua. Aliwajua kwa majina wanawake waliokuwa wanakaribia kujifungua.

"Acha kwanza," alisema. "Tutafuteni bondeni."

Wanaume wa Lwipanga waliteremka bondeni kwa kamba. Walitafuta kwenye mianzi, kwenye mawe ya mtoni, kwenye mapango ya nyani. Hawakupata kiatu wala kofia. Ukungu ulipoongezeka, wakarudi.

*

Ndege haikupumzika. Mkono ulijua njia mbili, ya Njombe na ya nyumbani, kila moja ikiwa na kitufe chake. Mjamzito alipozidiwa, Tusekile alimlaza nyuma, akaketi kwenye kiti cha mumewe, akabonyeza. Ndege ilipanda yenyewe. Watu wakasema Lutangilo hajaondoka kabisa. Mama yake mzazi, Bi Sekela, akawa kila Jumapili baada ya kanisa anakuja bandani kuketi ndani ya ndege na kushika usukani kwa mikono miwili, kama anayemshika mtoto asikimbie.

Siku moja, katikati ya mwezi wa nane, Tusekile alikuwa anampeleka Njombe msichana aliyekuwa akitoka damu. Damu ilipopungua alirudi kwenye kiti, akaweka kiganja juu ya usukani. Hakutaka kuendesha. Alitaka tu kuwa karibu na kilichobaki.

Usukani ulikuwa unatikisika ndani ya kiganja chake, vitikiso vidogo vya kusahihisha upepo. Haraka, haraka. Kisha tena haraka, haraka.

Tusekile aliondoa mkono kama aliyeguswa na kaa la moto.

Wakati wa kujenga ndege ile, yeye ndiye aliyekuwa mshika chuma. Ribiti haipigwi na mtu mmoja. Mmoja anasimama nje na nyundo ya upepo, mwingine anajipenyeza ndani ya bawa na kukandamiza kipande cha chuma nyuma ya kila ribiti ili kichwa chake kikae sawa. Mshika chuma hamwoni mpigaji, bati liko katikati yao. Humjua kwa mfupa wa kiganja. Msimu mzima wa baridi Tusekile alilala chali ndani ya mabawa yale, na nyundo ikipokelewa na mtu mwingine alijua mara moja. Lutangilo alipiga pigo moja refu, akatulia, kisha akamalizia na dogo la upole. Obadia alipiga mafupi mawili mawili, kwa pupa. Mara ngapi alipaza sauti kutoka ndani, "Obadia, hebu mrudishie mwenzio nyundo, wewe unatwanga karanga!" na wote watatu wakacheka, wawili nje, yeye gizani.

Sasa juu ya mawingu, karanga zilikuwa zinatwangwa ndani ya kiganja chake.

Aliusubiri uwanja wa Njombe. Ndege ilipotaka kutua iliinamisha bawa la kushoto kidogo. Kuna mtu mmoja tu Lwipanga aliyetembea hivyo, Obadia, akitanguliza bega la kushoto kana kwamba dunia nzima ni mlango mwembamba.

Wauguzi walipomchukua msichana, Tusekile alibaki ndani ya ndege. Aliutazama ubao wa taa. Pembeni, juu ya taa moja, palikuwa na kipande cha plasta nyeusi. Lutangilo alimwambia zamani kwamba taa ile inamchoma macho. Aliibandua kwa ukucha, akaushika usukani.

Taa iliwaka njano.

Hata watoto wa Lwipanga walijua maana ya rangi zile. Kijani kwa mkono wa aliyeufundisha. Njano kwa mgeni. Hilo halikumshangaza, yeye alikuwa mgeni. Kilichomsumbua ni kile kipande cha plasta. Mtu anayewaka kijani hana sababu ya kuziba taa.

Akairudisha plasta mahali pake.

*

Tangu siku hiyo kila alichokifanya Obadia kilianza kunuka. Kwa nini siku ya pili tu aliiosha ndege, tena kwa sabuni? Kwa nini alileta kuni bila kuombwa, akazipanga hadi dirishani? Kwa nini kila wiki aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Wale wa Ofisi ya Anga wamesema lolote?" Na asubuhi ile, mkono wake ndani ya mlango. *Usisogee.* Mtu anayeweza kutua kwenye ukungu anaweza kushuka kwenye ndege upande wa pili wa banda, akazunguka, na kuwa wa kwanza kufika.

Alimkuta bandani mchana, amelala chini ya injini.

"Shemeji, hebu ingia ukae. Usukani unanikwamakwama."

"Unakwama wapi? Nimeutia grisi juzi."

"Kaa tu."

Obadia alitoka chini ya injini, akaingia, akakaa. Mikono akaiweka magotini.

"Shika."

"Ina grisi, shemeji."

"Ndege hii imeanza kuogopa grisi lini? Shika."

Alipomwona bado anasita, Tusekile alinyoosha mkono mbele yake na kuibandua plasta. Obadia aliitazama ile taa iliyozimika, kisha akamtazama yeye. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Usinifanyie hivi," alisema.

"Shika, Obadia."

Hakuwahi kumwita kwa jina tu tangu siku zile alipokuwa ndani ya bawa. Obadia aliushika usukani. Taa ikawaka kijani, kijani kizuri cha majani ya chai, ikawaangaza wote wawili chini ya kidevu.

Nje kuku walikuwa wanaparua.

"Alikuwa haoni pembeni," Obadia alisema hatimaye. "Presha ya macho. Daktari alimwambia tukiwa tumeshafunga bawa la pili. Wewe hukuona alivyokuwa anagonga fremu ya mlango kwa bega?"

Aliona. Alimcheka. Alimwambia anazeeka.

"Wangemnyima kufundisha," Obadia aliendelea. "Na ndege isiyofundishwa na mjenzi aliyeandikishwa inavunjwa vyuma chakavu, na aliyeandikishwa ni yeye peke yake. Miaka miwili ya kazi. Akaniomba. Kila asubuhi aliondoka hapa na kofia yake, mimi nilimsubiri nyuma ya miti ya miwati mwisho wa kiwanja, akashuka, nikavaa kofia, nikapanda. Mimi ndiye niliyeruka. Mumeo alikuwa abiria kwenye ndege yake mwenyewe, shemeji. Alibonyeza kitufe kama wewe unavyobonyeza."

"Na siku ile ulikuwa wapi?"

"Shambani. Nachimba viazi."

"Na nani?"

"Na jembe."

"Nilikukuta mkono wako uko ndani."

"Plasta ilikuwa imebanduliwa. Niliirudisha. Niliogopa mkaguzi ataiona taa."

Tusekile aliirudia sentensi ile kichwani mpaka akaielewa yote. "Rafiki yako hayupo kwenye kiti. Mlango unapigapiga. Na wewe unafikiria taa."

Obadia aliuachia usukani, taa ikazimika.

"Na ulivyomzuia Gaudensia asifungue. Ilikuwa kwa ajili ya wajawazito?"

"Ilikuwa kwa ajili yao pia."

"Pia!"

"Shemeji, nisikilize. Ukiufungua watanifunga, sawa, nimekubali. Lakini Oliva wa maandazi ana mapacha tumboni, na yule wa pili amekaa vibaya, umesema mwenyewe. Unaufungua ili ujue nini? Kwamba nilimsukuma? Niulize basi! Niulize nikujibu."

"Ulimsukuma?"

"Hapana."

Alisema akimtazama machoni. Tusekile alitafuta uongo usoni pale, hakuupata. Alitafuta ukweli, nao hakuupata. Msimu wote ule wa teremsha-pandisha na kofia ya kuazima uso huo huo ulimsalimia kila jioni na kumwomba chai.

*

Jumapili alimkuta Bi Sekela ndani ya ndege, macho amefumba, mikono kwenye usukani. Plasta ilikuwa mahali pake.

"Mwanangu, hapa ananishika kabisa," yule mama alisema. "Unaona? Injini imezimwa, lakini mimi namsikia."

"Namsikia pia, Mama," Tusekile alisema, akaenda nyuma ya banda akasimama huko.

Oliva alikuja zahanati siku mbili tatu baadaye, tumbo limemtangulia hatua nzima. Alikuwa mwuza maandazi, mdomo wake haufungwi.

"Mkunga, hawa wawili wanagombania godoro. Wakitoka nawatoza kodi."

Tusekile alimpapasa. Kichwa cha wa kwanza kilikuwa chini. Wa pili alikuwa amelala kama gogo lililokatiza njia.

"Oliva," alisema bila kuondoa mikono. "Ungekuwa na kitu kinachookoa watu. Na ndani ya kitu hicho kuna jibu la jambo ambalo halikupi usingizi. Huwezi kulipata jibu bila kukivunja."

Oliva aliisogeza mikono ya mkunga kando. Aliinuka akaketi, akajifunika tumbo kwa kanga.

"Ni ndege."

"Ni ndege."

"Unaniomba ruhusa au unaniaga?"

Tusekile aligeuka kunawa mikono. Alitaka kusema kwamba mkono unaoruka si wa yule wanayemwombea kanisani. Kwamba kila anapomlaza mama kwenye ndege ile anamkabidhi kwa mtu ambaye huenda ameua. Kwamba hawezi kukaa kwenye kiti kile tena na mtu yule akimtwangia karanga kiganjani, na hawezi kulala na kuni zake dirishani. Yote yalikuwa kweli. Na hakuna hata moja lililokuwa la Oliva.

"Angekuwa mume wangu aliyepotea, ningeshaivunja kwa shoka," Oliva alisema, akishuka kitandani taratibu. "Lakini sina mume aliyepotea. Nina hawa. Kwa hiyo usiniulize mimi."

Tusekile alimpangia Oliva kuteremka Njombe mapema, wiki tatu kabla, akakae kwa shangazi yake karibu na hospitali. Alifikiri hilo linatosha. Kisha akaenda kwenye redio ya ofisi ya kijiji na kumwita Gaudensia.

*

Ukungu ulikuwa umenyanyuka siku hiyo. Walikuwepo bandani watu wanne: Tusekile, Bi Sekela kwenye kigoda, Obadia amesimama karibu na mlango, na Gaudensia kwenye kiti cha rubani, mashine yake ya kusomea iko magotini. Obadia hakuitwa. Alikuja mwenyewe, amevaa shati la kanisani.

"Nikianza sirudi nyuma," Gaudensia alisema.

"Anza."

Mashine ilikuwa na kioo kidogo. Gaudensia alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Siku yenyewe. Asubuhi. Taa imewaka njano. Aliyeshika usukani ni mgeni." Akainua macho. "Mgeni?"

"Endelea," Tusekile alisema.

"Mgeni mmoja. Kiti cha pili kitupu. Hakubonyeza Njombe. Hakubonyeza chochote, anaendesha kwa mkono wake." Akavua miwani, akaivaa tena. "Amekwenda kaskazini, uwanda wa Nyasi za Juu."

Kiti cha pili kitupu. Tusekile alimtazama Obadia. Obadia alikuwa anakitazama kioo, si kama mtu aliyeponyoka, bali kama mtu anayeona lori linakuja na hawezi kusogea.

"Anazunguka. Anazunguka tena. Anashuka." Gaudensia alikisogelea kioo. "Amerukaruka vibaya sana. Lakini ametua."

"Ametua?" Bi Sekela aliinuka kwenye kigoda. "Mwanangu ametua?"

"Ametua, Mama. Mwenyewe."

Hapo Tusekile alielewa asubuhi ile. Hakuwa anakwenda kufuata chanjo. Alikuwa amechoka kuwa abiria. Alichagua asubuhi iliyopambazuka bila ukungu huko juu, pahali papana pasipo mti, akafunua taa, akaiacha iwake njano mbele ya macho yake mabovu, akajaribu.

"Injini haijazimwa," Gaudensia alisoma. "Mkanda umefunguliwa. Kiti kitupu."

"Kwa nini alishuka?" Tusekile aliuliza.

"Pengine kuangalia magurudumu, baada ya kutua vile. Mtu yeyote angeshuka." Sauti yake ilikuwa imeshuka pia. "Ninyi mnaijua kanuni ya wizi. Mgeni akishuka mahali Mkono usipopajua, na injini inawaka, Mkono unahesabu kwamba ndege imeibwa na mwizi ameteremka. Unairudisha nyumbani."

"Na kama ni yeye aliyeufundisha?"

"Ungemsubiri. Mpaka mafuta yaishe, ungemsubiri."

Obadia aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, na shati lake la kanisani.

Gaudensia alisema jambo moja zaidi, kwa sababu ilikuwa kazi yake kusema. Watu wote walitafuta bondeni, alisema. Nyasi za Juu ni upande mwingine. Na mwezi wa sita, alipopotea, huko juu maji yanaganda.

Kisha sanduku la rangi ya majivu likatoa mlio mdogo, na taa ya ubaoni, iliyokuwa njano kwa sababu kiwiko cha Gaudensia kiligusa usukani, ikazimika.

*

Walipanda siku iliyofuata, wanaume na Tusekile. Obadia alitembea nyuma ya wote, hakuna aliyemfukuza wala kumsemesha.

Walimkuta kwenye kibanda cha mawe cha wachunga kondoo, amejikunja, kofia ameivuta hadi machoni. Palikuwa na majivu ya moto uliowashwa siku zaidi ya moja, tabaka juu ya tabaka. Lakini kilichowakalisha chini wanaume wazima kilikuwa nje. Kwenye majani yaliyoungua kwa baridi, mawe yalikuwa yameokotwa na kupangwa pembeni, mistari miwili mirefu iliyonyooka, na kati yake vichuguu vilikuwa vimesawazishwa kwa mikono. Alikuwa ameijengea ndege njia ya kutua. Alijua imekwenda nyumbani, na kwa macho yale asingeweza kuteremka kwa miguu kwenye ukungu. Alijua nyumbani kuna mtu anayeweza kuirudisha.

Obadia alipita kati ya mistari ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika mwisho alibaki amesimama huko, amewapa mgongo.

Tusekile alihesabu kitu kimoja tu kichwani mwake, nacho hakikuwa siku. Alihesabu waliosema *acha kwanza*. Walikuwa wawili, Obadia na yeye mwenyewe.

*

Lutangilo alizikwa nyuma ya kanisa. Ofisi ya Anga ilimnyang'anya Obadia leseni, na mahakama ikampa kifungo cha nje. Ndege ilifunikwa turubai. Mkono mpya umeagizwa, na ukifika utahitaji msimu mzima wa kufundishwa. Aliyejenga ndiye anayefundisha, na kati ya watatu walioijenga amebaki mmoja anayeruhusiwa, mshika chuma, ambaye hajawahi kurusha ndege. Tusekile ameanza mafunzo Njombe.

Oliva hakuwahi kuteremka kwa shangazi yake. Uchungu ulimshika kabla ya wakati, siku ya ukungu mzito, na walikuwa bado hawajafika hata nusu ya njia ya machela. Tusekile alimzalisha kandokando ya shamba la viazi. Wa kwanza alilia, ni msichana, anaitwa Tumaini. Wa pili hakulia. Oliva bado anakuja zahanati kumpima mtoto uzito, lakini haleti tena mizaha.

Siku za ukungu, wajawazito wa Lwipanga wanabebwa kwa machela hadi kwenye barabara ya lami. Ni mwendo wa nusu siku. Wanaume sita hubeba kwa zamu, na Obadia hakubali kupokewa, anabeba mwanzo hadi mwisho, mbele, upande wa kushoto. Tusekile anatembea nyuma na mkoba wake. Hawasemezani.